Malagarasi: Kasi ya Maji na Makazi ya Kichocho
Mvua inyeshayo Kitete, mjini Tabora, hatimaye humwaga maji yake katika Mto Malagarasi, ambao misafara ya kale iliuvuka ikielekea Ujiji. Wanafunzi wa jiografia hufundishwa kwamba kadiri mto ushukavyo, ndivyo mawe yake yapunguavyo ukubwa. Malagarasi ni mkaidi kidogo: hutanda vinamasini na kuacha tope humo, kisha, baada ya Uvinza, huteremka maporomoko ya Igamba kabla ya kuingia Ziwa Tanganyika.

Mwanafunzi apimaye kasi kwa chungwa lieleapo mita 10 hupima pia makazi ya konokono waenezao kichocho. Mkondo mkali huwasomba. Maji tulivu yenye majani huwalea. Vimelea vitokavyo kwa konokono hupenya ngozi kwa dakika chache, basi chungwa lifuatwe kwa macho kutoka ukingoni.