Turudishieni mchezo wa redio

Fungua redio asubuhi, popote kati ya Mombasa na Mbeya, utawakuta watu wanabishana. Magazeti yanachambuliwa, simu za wasikilizaji zinapokelewa, bei ya mafuta inalalamikiwa, kisha inafika zamu ya penalti ya jana. Jioni ni yale yale, watangazaji tu ndio wamebadilishana zamu. Mchezo wa kuigiza na vichekesho vilivyoandikwa vikaandikika vimesukumwa pembeni, kana kwamba mjadala ndio kazi ya redio na hivyo vingine ni kupoza koo. Ushahidi uliokusanywa katika ukanda wetu wenyewe unasema vingine: mchezo huwafikisha watu mahali ambapo mjadala peke yake hauwafikishi, na siku ya redio isiyo na mchezo ni siku pungufu.

Mwaka 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa mfululizo wa nusu saa, mara mbili kwa wiki. Ndani yake alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori la masafa marefu aliyekuwa na wanawake njia nzima, na mkewe Tunu aliyeachiwa nyumba na watoto. Msikilizaji hakuhubiriwa. Alimsikia Mkwaju akijitapa hadi UKIMWI ukamshika, na akamsikia Tunu akichoka kuvumilia, akaachana naye na kuanza biashara yake. Mchezo huo ulipimwa kwa namna ambayo vipindi vichache vya redio vimewahi kupimwa: kwa miaka 2 ya mwanzo mitambo ya Dodoma haikuurusha, ili watafiti wapate pa kulinganishia. Matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi kule mchezo uliposikika, na Dodoma ilipoanza kuusikia mwaka 1995, huko nako yakaongezeka. Ni kweli kampeni nyingine za afya zilikuwapo wakati huo, lakini Dodoma nayo haikuwa nje ya nchi. Kilichokosekana huko kilikuwa mchezo.

Mchezo unafanyaje kazi hiyo? Jibu zuri zaidi limetoka Rwanda, ambako Musekeweya, mchezo kuhusu vijiji viwili vinavyohasimiana, ulianza kurushwa mwaka 2004. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alifuatilia kwa mwaka mzima vikundi vilivyousikiliza, akavilinganisha na vingine vilivyosikiliza mchezo wa afya. Imani za watu moyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni picha waliyokuwa nayo kuhusu wenzao: jambo gani linakubalika, nani anaweza kupinga neno la mkubwa na asionekane mkosefu wa adabu. Mwishoni kila kikundi kilipewa redio kaseti, kanda na betri. Vile vya mchezo wa afya vilielekea kumkabidhi kiongozi wa eneo vifaa hivyo bila maneno mengi; vya Musekeweya vilijadiliana, na wengi wakataka kuvitunza kwa pamoja. Yaani mchezo haukuwashinda watu kwa hoja. Uliwaonyesha watu kama wao wakiishi kwa namna nyingine, wakaona inawezekana.

Mtetezi wa mjadala atasema: basi tuweke vyote viwili, mchezo kisha simu za wasikilizaji, ili wananchi watoe ya moyoni. Hilo nalo limejaribiwa, mashariki mwa Kongo. Mchezo wa Kumbuka Kesho ulirushwa peke yake katika baadhi ya maeneo, na mengine yakaongezewa kipindi cha majadiliano. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2010, yaliwashangaza wengi: walioongezewa mjadala walizungumza zaidi, lakini wakawa wagumu zaidi kuvumilia wasiowapenda, na wepesi zaidi wa kukumbuka madhila yao. Si ajabu. Mtu akishatangaza msimamo wake mbele ya watu, ataulinda hata kama moyo umeanza kuyumba. Mchezo haumdai msimamo. Unamwachia nafasi ya kugeuka bila kuaibika. Somo hapa si kwamba wananchi wanyamazishwe. Mjadala unahitaji mwongozaji aliyejiandaa, maswali yaliyopimwa na muda wa kupoa, na hivyo ndivyo vinavyokosekana pale ambapo mjadala umewekwa kwa sababu ni rahisi kuutayarisha.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba sanaa inaweza kudanganya. Ni kweli. Kituo cha redio cha RTLM cha Rwanda kilijipatia wasikilizaji kwa mizaha, muziki na porojo za kirafiki kabla na wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Lakini hiyo ni hoja dhidi ya redio isiyo na mhariri, ya porojo au ya mchezo, na ni sababu ya kuwapa kazi hiyo waandishi wanaojua wanachofanya. Wachekeshaji wa redio Pwagu na Pwaguzi walichekesha taifa la Tanzania kwa miaka mingi bila kumfanya jirani adui: mjinga aliyechekwa angeweza kuwa yeyote, hata msikilizaji mwenyewe.

Inabaki gharama. Mwandishi, waigizaji na fundi mitambo hulipwa, wakati mtangazaji na simu moja hujaza saa tatu. Hata hivyo, mchezo mzuri hauozi. BBC ilianzisha mwaka 2002 kituo ambacho leo ni Radio 4 Extra, na sehemu kubwa ya siku yake ni vichekesho na tamthilia za zamani kutoka maktaba. Vituo vyetu vya umma vina kanda za miongo kadhaa. Vikianza na hizo, kisha vikaagiza mchezo mmoja mpya wa nusu saa mara mbili kwa wiki, gharama itabebeka. Na kwa kuwa redio za umma zinaendeshwa kwa kodi, mlipakodi ana haki ya kuuliza kwa nini anauziwa ubishi mchana kutwa, ilhali kilichothibitika kumfaa kimekaa kabatini.