Chuo Kilichobaki Jumuiya Ilipovunjika

Haipiti wiki bila redio kutaja semina ya viongozi mahali fulani. Wengi wetu hapa shuleni hudhani semina ni chai na maandazi (na kwa kweli chai huwapo), wala hatujui kwamba kuwafundisha viongozi na kuwapa ushauri ni kazi maalumu yenye vyuo vyake na biashara yake. Kimoja cha vyuo hivyo, nacho ni kikubwa, kiko Arusha. Kwa kifupi huitwa ESAMI, yaani Chuo cha Usimamizi cha Mashariki na Kusini mwa Afrika. Nataka kueleza jinsi kilivyokua, maana kilikua baada ya kufiwa na mzazi.

Mzazi huyo alikuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake ulitiwa sahihi Kampala mwaka 1967 na Kenya, Uganda na Tanzania. Jumuiya ile ilikuwa na mashirika makubwa: Reli na Ndege makao yake Nairobi, Bandari Dar es Salaam, na Posta na Simu Kampala. Mashirika hayo yalitaka mameneja Waafrika, tena wengi. Basi katika miaka ya 1970 ukaanzishwa huko Arusha mji wa Jumuiya chuo cha kuwafundisha mabwana na mabibi hao kazi ya kusimamia.

Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, usifunguliwe hata mwaka 1983. Hebu msomaji fikiri hali ya chuo kile: kazi yake ilikuwa kuyafundishia mashirika viongozi, na mashirika yenyewe sasa yamegawanywa kama mali ya marehemu. Vitu vingi vya Jumuiya viliishia hapo.

Chuo hiki hakikuishia hapo. Mwaka 1980, kwa msaada wa Tume ya Uchumi ya Afrika ya Umoja wa Mataifa, kilipewa jina jipya na kugeuza uso kusini. Wakati ulikuwa mzuri. Msumbiji, jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma, walikuwa wamepata uhuru mwaka 1975, na Zimbabwe ikaupata mwaka ule ule wa 1980. Serikali changa huwa na ofisi nyingi na watu wachache waliozoea kuziendesha. Hata nchi wanachama zikafika kumi: Kenya, Uganda, Tanzania, Malawi, Zambia, Msumbiji, Zimbabwe, Namibia, Eswatini na Visiwa vya Shelisheli.

Kazi yake ni ya namna mbili. Ya kwanza ni mafunzo: ofisi humtuma mtumishi wake kwa majuma machache, nayo hulipa ada. Ya pili ni ushauri, na hii yataka maelezo. Ni kama pale kijijini watu wanapogombea shamba, wakamwita mzee wa kijiji kingine aje aamue kwa kuwa yeye hana ndugu upande wowote. Mshauri naye huja, huuliza maswali, hutazama hesabu, kisha huandika mambo yapasayo kurekebishwa. Lakini kama mzee yule, akishakula wali wake huenda zake, na shamba hubaki na wenyewe. Kwa maoni yangu hapo ndipo fedha nyingi za ushauri hupotelea: taarifa huandikwa vizuri, ikawekwa kabatini.

Jambo hili latuhusu sana sisi wa Newala na Masasi. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho zetu huuzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka korosho kwenye chama cha msingi, zinapimwa, zinapelekwa ghala kuu, zinauzwa kwa mnada, ndipo fedha zirudi. Katikati ya mkulima na fedha zake wapo mwenyekiti, katibu na karani wa mizani. Msimu mmoja babu yangu alingoja malipo ya magunia mawili muda mrefu kuliko wenzake, kwa sababu katika daftari jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye mstari wa mtu mwingine. Hakuna aliyeiba, karani hakuwa amefundishwa kutunza daftari. Ada yangu ya bweni ilikuwa ndani ya magunia yale.

Kwa viongozi wa ushirika kipo chuo cha Moshi, kilichoanza mwaka 1963, ambacho sasa ni chuo kikuu. Arusha na Moshi zote ziko kaskazini, mbali na sisi. Mkurugenzi hulipiwa nauli akafika; karani wa mizani ni nani atamlipia? Naona afadhali mwalimu ndiye asafiri. Mafunzo ya karani hayataki hoteli. Ghala lenyewe latosha, pamoja na mizani na daftari, mwezi wa Agosti kabla korosho hazijaanza kuanguka.