Karadio kadogo, maneno makubwa



Tulipokuwa watoto, radio ya kaseti ilikuwa mali ya baba. Ilikaa juu ya meza, imefunikwa kitambaa, na ilikula mawe makubwa sita. Ikifunguliwa, nyumba nzima inasikia.

Leo nyimbo zinatembea mfukoni. Sony ya Japani ilitoa Walkman mwaka 1979. Mwaka 2001 Apple ya Marekani ikaleta iPod, iliyobeba nyimbo 1000. Mwaka 2005 ikatoa ndogo zaidi, isiyo na kioo kabisa. Mwaka 2022 Apple iliacha kuzitengeneza, kwa sababu watu wanasikilizia nyimbo kwenye simu. Kwetu Bogoro tunaona turadio tudogo, twenye betri bapa kama ya simu na tundu la kadi memori. Kadi hiyo ni milimita 15 kwa 11, kama ukucha.

Tunatupenda, na tuna sababu. Hatuombi mega. Tunachajiwa kwa pano ya jua. Mama anapalilia maharagi huku akisikiliza Radio Candip au Radio Okapi. Shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa ajili ya Korona, Okapi ilipitisha masomo hewani, na karadio kakawa mwalimu.

Lakini kitu kisicho na kioo kinaficha. Hatuoni jina la wimbo. Mtoto anapeleka kadi sokoni, kijana mwenye ordinatere anaijaza nyimbo kwa franka kidogo, anarudi nayo nyumbani, anaziba masikio. Mzazi hajui chochote.

Mama mmoja wa kikundi chetu alimsikia mtoto wake wa miaka 12 akiimba njiani toka kisimani. Maneno yalikuwa ya kutukana kabila la majirani. Mtoto alipenda mdundo tu. Mama alihisi baridi mwilini. Sisi wa Bogoro tunajua maneno ya namna hiyo yanafikisha watu wapi: hatujasahau tarehe 24 mwezi wa pili 2003. Siku ile mtoto huyu alikuwa hajazaliwa.

Mama hakuvunja radio, hakuchapa mtu. Alisema: «Fungua sauti, tusikilize sote wawili.» Wimbo ulipofika pale, akausimamisha. Akamweleza maana ya maneno, kisha akamtajia jina la dada yake aliyekufa siku ile. Mtoto alinyamaza muda mrefu. Kesho yake alirudi sokoni mwenyewe, wimbo ukafutwa.

Basi, wamama, tukubaliane haya:

1. Mara moja kwa juma, tusikilize kadi pamoja na watoto, kwa sauti ya nyumba nzima.

2. Kwenye barabara ya Kasenyi, masikio yawe wazi. Malori na pikipiki havingoji.

3. Tupunguze sauti. OMS inashauri mtoto asipite desibeli 75 kwa saa 40 kwa juma. Ikiwa wewe uliye pembeni unasikia wimbo ulio masikioni mwake, umezidi.

4. Kadi isiachwe chini. Mtoto mdogo anaweza kuimeza.

5. Tuijaze sisi wenyewe. Bibi zetu wana hadithi na nyimbo za kulaza watoto. Tuzinase wakingali hai.

Mtoto atashika kile anachosikia kila siku. Tusimwachie kijana wa sokoni peke yake kazi ya kukichagua.