Dawa ya mzizi wa jino huishia wapi?

Mgonjwa anayetibiwa mzizi wa jino huuliza sana kwa nini bado yuko kitini na mdomo wazi wakati neva imeshatolewa. Ana haki ya kuuliza. Kutoa neva ni sehemu nyepesi. Kazi kubwa ni kuosha, na zile tupa nyembamba anazozungusha daktari haziwezi kuimaliza. Picha za eksirei za maabara zimeonyesha kuwa tupa hupita bila kugusa theluthi moja au zaidi ya kuta za mfereji ulio ndani ya mzizi. Panapobaki ni pa dawa ya maji.

Kuta zenyewe zimejaa matundu. Dentini, sehemu ngumu inayojenga karibu mzizi wote, ina mirija inayoanzia ndani kwenda nje. Karibu na kiini cha jino, milimita moja ya mraba huwa na mirija 45,000 hivi au zaidi, kila mmoja na upana wa maikromita 2 na ushei. Bakteria wengi ni wembamba kuliko hapo, basi huingia na kuweka makazi.

Dawa inayowafuata ni hipokloriti ya sodiamu, ileile iliyomo kwenye jiki ya kufulia, ila ya daktari huandaliwa kwa vipimo. Inafika wapi? Utafiti mmoja wa mwaka 2010 ulijibu swali hilo vizuri: dentini ililowekwa rangi ya zambarau, kisha ikatiwa hipokloriti, na watafiti wakapima mahali rangi ilipopauka. Kwa dawa ya asilimia 1, dakika 2, bila kupashwa moto, ilipenya maikromita 77. Kwa asilimia 6, dakika 20, nyuzi joto 45, ilifika 300, yaani karibu theluthi ya milimita. Cha kuzingatia ni hiki: kuongeza nguvu ya dawa mara sita kulizidisha kina mara mbili tu, au pungufu. Kwa maoni yangu, daktari anayebadilisha dawa mara kwa mara na kuipa muda anamfaa mgonjwa kuliko anayetegemea ukali wake, kwa sababu klorini iliyomo huisha nguvu kadiri inavyokula uozo.

Halafu kuna unga. Tupa ikikwangua, vumbi la dentini huchanganyika na mabaki na kugandamana ukutani, likiziba midomo ya mirija. Hipokloriti huyeyusha nyama, haiwezi chokaa. Hapo huingia dawa nyingine, EDTA ya asilimia 17, kwa dakika moja hivi, kuondoa madini. Hizi mbili hazichanganywi: EDTA huifubaza klorini papo hapo.

Pagumu zaidi ni nchani mwa mzizi. Hewa hunaswa pale, na dawa haivuki mbali na mdomo wa sindano. Kusukuma kwa nguvu ni hatari. Hipokloriti ikipenya nje ya mzizi huleta maumivu makali na uso kuvimba saa hiyohiyo. Ndiyo maana sindano nzuri hutobolewa ubavuni, na dawa hutikiswa kwa mawimbi ya sauti badala ya kushindiliwa.

Hata hivyo, katika majaribio ya maabara bakteria wamewahi kukutwa karibu milimita nzima ndani ya dentini, mbali kuliko dawa inavyofika. Hao hufungiwa humohumo: mfereji hujazwa gutapecha, na jino huzibwa juu barabara ili mate yasiwapelekee chakula.