Je, Jua la Kericho Linatosha Kupasha Maji ya Kuoga?

Mkazi wa Kericho au Bomet akitajiwa mtambo wa sola wa kupasha maji, swali lake la kwanza huwa lile lile: sola itafanya kazi vipi mahali ambapo mvua hunyesha karibu kila alasiri? Ni swali la haki. Mitambo hii imezoeleka juu ya paa za hoteli za Pwani na nyumba za Nairobi, na si ajabu mkulima wa chai wa Konoin au Belgut akaiona kuwa kitu cha watu wa nchi ya joto. Lakini watu wa nchi ya joto hawana haja kubwa ya maji moto. Mwenye haja ni yule anayeamka saa kumi na moja alfajiri katika mwinuko wa takriban mita 2,000 juu ya bahari, maji ya bomba yakiwa baridi kiasi cha kuuma vidole, na watoto wanatakiwa kuoga kabla ya kwenda shule.

Jibu fupi ni kwamba jua la hapa linatosha kwa siku nyingi za mwaka, mradi mtambo ufungwe kwa kufuata hali ya anga ya hapa. Jibu refu linaanzia angani.

Anayeishi katika nchi ya chai anajua ratiba ya siku bila kuangalia saa. Asubuhi huwa kweupe, jua linawaka, wachumaji wanaingia shambani. Kufikia adhuhuri hewa iliyopashwa joto imepanda, upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria umekutana na ule wa mashariki, na mawingu yanaanza kukusanyika. Alasiri mvua inashuka. Ndiyo maana chai inamea vizuri hapa, na ndiyo maana watu hudhani hakuna jua. Jua lipo, ila limejaa upande wa asubuhi.

Kenya kwa jumla hupokea wastani wa kilowati-saa 4 hadi 6 za nishati ya jua kwa kila mita moja ya mraba kwa siku. Tuseme siku ya kawaida katika nchi ya chai inaleta 5. Mtambo wenye paneli ya mita mraba 2 hupokea 10, na hata ukipoteza nusu yake njiani unabaki na kilowati-saa 5 ndani ya maji. Hizo zinatosha kuitoa lita 150 ya maji kwenye nyuzi joto 16 na kuifikisha karibu nyuzi 44. Maji ya kuoga huhitaji nyuzi 38 hadi 40. Ikumbukwe pia kwamba kinachopasha maji ni mwanga wa jua, wala si joto la hewa. Asubuhi ya Januari yenye baridi kali na anga safi inaweza kutoa maji moto zaidi kuliko siku ya vuguvugu yenye mawingu.

Kwa sababu hiyo, mahali paneli inapoelekea pana uzito mkubwa hapa. Kericho na Bomet ziko karibu sana na Ikweta, upande wa kusini kidogo, na jua huhama kaskazini na kusini mwa paa kadiri mwaka unavyosonga. Fundi aliyezoea kufunga kwingineko anaweza kuelekeza paneli popote paa linapomruhusu, hata magharibi. Huku paneli inayotazama magharibi inasubiri jua ambalo mara nyingi limeshafunikwa. Inayotazama mashariki hunasa zile saa nne au tano za asubuhi. Maji yakishapata moto hukaa ndani ya tanki lililofunikwa kwa sponji nzito, na hupoteza joto kidogo tu hadi jioni, mvua inyeshe isinyeshe.

Mtambo wenyewe hauna siri kubwa. Maji baridi huingia chini ya paneli, yanapashwa, yanakuwa mepesi, yanapanda yenyewe hadi tanki lililo juu, na maji baridi yanashuka kuchukua nafasi yake. Hakuna pampu wala umeme. Ndiyo sababu tanki lazima liwe juu kuliko paneli, na paneli iwe na mwinamo wa kutosha, angalau nyuzi 10 hadi 15, hata kama paa ni tambarare. Mwinamo huo pia husaidia mvua kuosha vumbi na majani. Tanki la maji baridi nalo linapaswa kuwa juu zaidi ya lile la moto, jambo ambalo wengi hulisahau hadi siku ya kufunga, na hapo mnara wa tanki unaanza kujengwa upya.

Upande wa gharama, wa kwanza kutazamwa ni shawa ya umeme inayopasha maji papo hapo, ile inayofungwa bafuni kwa sababu bei yake dukani ni nafuu. Nyingi zina nguvu ya karibu wati 5,500. Familia ya watu watano, kila mmoja akioga dakika kumi kwa siku, hutumia takriban yuniti 4.6 kwa siku. Kwa mwezi ni yuniti 137, kabla ya taa, televisheni au pasi. Tangu Aprili 2023 bei ya umeme wa nyumbani imepangwa kwa makundi matatu: wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, walio kati ya 30 na 100, na wanaozidi 100, na kila kundi hulipa zaidi kwa kila yuniti kuliko lililo chini yake. Kwa hiyo shawa peke yake inatosha kuisukuma nyumba hadi kundi la juu kabisa, na kuanzia hapo hata balbu inalipiwa bei ya kundi hilo. Anayetaka kujua hali ya nyumba yake achukue ujumbe wa tokeni uliotumwa kwenye simu, agawanye pesa alizolipa kwa yuniti alizopata. Wengi hushangaa.

Kuna pia suala la usalama. Shawa ya wati 5,500 huvuta takriban ampea 23. Waya wa taa haukutengenezwa kubeba mzigo huo; unapata moto ndani ya ukuta ambapo hakuna anayeuona. Shawa inahitaji waya wake mnene kutoka kwenye kisanduku cha swichi, swichi yake ya kukata, na waya wa ardhi uliofungwa kikweli. Mtu anayesikia umeme ukimtekenya anapogusa bomba asioge tena hapo hadi fundi aliyeidhinishwa aangalie. Maji na umeme havisameheani.

Hata hivyo, nyumba nyingi za vijijini hazipashi maji kwa stima bali kwa kuni. Kwenye mafiga matatu, sehemu kubwa ya joto hutoroka pembeni mwa sufuria. Kinachoingia kwenye maji ni kama moja ya nane. Kupasha ndoo ya lita 20 hadi ifae kuogea huchukua zaidi kidogo ya kilo moja ya kuni kavu, na kuni mbichi huchukua zaidi. Nyumba ya ndoo nne kwa siku inachoma karibu kilo tano kila siku kwa kuoga tu. Kuni hizo zinatoka kwenye mikaratusi ya shambani, zinanunuliwa kwa mzigo, au zinabebwa mgongoni kutoka msituni, na aghalabu anayezibeba ni mama au msichana. Moshi wake unavutwa na yule yule anayezibeba, pamoja na mtoto aliye karibu naye jikoni. Shirika la Afya Duniani huuhesabu moshi wa ndani ya nyumba miongoni mwa vyanzo vikuu vya nimonia kwa watoto wadogo.

Kwa nyumba kama hizo, kuambiwa zinunue mtambo wa paa si ushauri wa kwanza unaofaa. Jiko lililoboreshwa, lenye ukuta wa udongo na bomba la moshi, linaweza kupunguza kuni hadi karibu nusu. Pipa dogo la chuma au jerikeni lililopakwa rangi nyeusi na kuwekwa juani tangu asubuhi, mahali pasipo upepo, hutoa maji ya vuguvugu kufikia saa saba; hata yakifika nyuzi 30 tu, zaidi ya nusu ya kazi ya kuni imekwisha. Wenye ng'ombe wa maziwa wawili au watatu wana njia nyingine ya gesi ya samadi, ambayo ni mada ya kujitegemea. Shule za bweni nazo zimezoea kile mafundi hukiita kuni busta, yaani tanki lililojengewa tanuri dogo na bomba la moshi katikati, linalochoma vijiti vichache kuliko jiko la wazi.

Turudi kwenye paa. Nchi hii ina jambo ambalo wauzaji wa mijini hawalifikirii: mvua ya mawe. Milima ya Kericho na Nandi hutajwa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na mkulima aliyeona chai yake ikichanika kwa dakika kumi hahitaji kuelezwa maana yake kwa kioo. Paneli bapa yenye kioo kilichoimarishwa, cha unene wa milimita tatu au zaidi, hustahimili vizuri. Mtambo wa mirija ya kioo hufanya kazi vizuri zaidi siku za mawingu, na mrija mmoja ukivunjika unabadilishwa peke yake, lakini mirija ni myembamba na kila mmoja unaovunjika ni gharama. Mnunuzi aulize kioo kimepimwa dhidi ya mawe ya ukubwa gani, na kama dhamana inagusa uharibifu huo. Muuzaji asiyeweza kujibu anaweza kuachwa.

Wanaoishi mabondeni wana tahadhari yao. Jalidi iliyounguza chai Januari 2012 ilionyesha kwamba usiku mmoja wa anga safi unaweza kugandisha maji. Paneli bapa yenye maji ndani ya mabomba membamba inaweza kupasuka usiku kama huo. Kwa mashamba ya aina hiyo kuna mitambo inayozungusha kiowevu kisichoganda ndani ya paneli huku maji ya kuoga yakibaki ndani ya tanki. Ni ghali kidogo, na aliye mlimani hana haja nayo.

Mitambo mingi huja na elementi ya umeme kwa ajili ya siku za mawingu mazito, kama zile za Julai. Hapa ndipo wengi hupoteza faida yote. Elementi ikiachwa imewashwa mchana na usiku, tanki huamka limeshajaa maji moto yaliyopashwa kwa stima, na jua la asubuhi likifika halina cha kufanya. Nyumba inalipa mara mbili, kwa mtambo na kwa umeme. Elementi inafaa kuwashwa jioni tu, baada ya kupima maji kwa mkono na kuona jua halikutosha, au iwekewe swichi ya saa.

Bei ya mtambo wa lita 150 hadi 200, pamoja na kufungwa, mara nyingi hukaribia au kupita shilingi 100,000. Tuchukue mfano wa mtambo wa 120,000 katika nyumba iliyokuwa ikitumia yuniti 137 kwa shawa. Ukiokoa yuniti 100 kwa mwezi kwa bei ya shilingi 28, hizo ni shilingi 2,800, na pesa zimerudi kwa miaka mitatu na nusu hivi. Kwa mtu anayeishi peke yake na kuoga dakika tano, hesabu hiyo haifiki popote, naye afadhali anunue kichwa cha shawa kinachopunguza maji. Kwa mkulima, wakati mzuri wa kununua ni msimu wa bonasi, na baadhi ya vyama vya ushirika hukopesha kwa ajili ya vifaa vya nyumbani. Riba ya mkopo iingizwe kwenye hesabu kabla ya kutia sahihi.

Serikali iliwahi kujaribu njia ya sheria. Kanuni za kupasha maji kwa sola za mwaka 2012 zilitaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yapate angalau asilimia 60 ya maji hayo kutokana na jua, na majengo yaliyokuwepo yakapewa miaka mitano kutimiza hilo. Wenye nyumba wengi walilalamikia gharama, na mabadiliko yaliyokusudiwa hayakufika mbali. Jambo moja la maana lilibaki: anayejenga nyumba mpya, au ploti ya kupangisha, anaweza kupitisha bomba la maji moto kutoka paa hadi bafuni kabla ya plasta kupigwa, hata kama hana pesa za mtambo mwaka huu. Bomba hilo ni gharama ndogo wakati wa ujenzi. Kulipitisha baadaye ni kubomoa vigae.

Mnunuzi atafute alama ya ubora ya KEBS na fundi mwenye leseni kutoka Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, na aombe risiti yenye jina la fundi. Nyumba yenye watoto au wazee iwekewe vali ya kuchanganya maji, kwa kuwa mwezi wa Januari maji ya tankini yanaweza kupita nyuzi 70, na kwa nyuzi 60 ngozi ya mtoto huungua kwa sekunde chache. Baada ya hapo kazi ni ndogo: kufuta kioo msimu wa kiangazi, kukata tawi la mkaratusi linaloanza kutupa kivuli asubuhi, na kila baada ya miaka miwili au mitatu kumwita fundi aangalie ile fimbo ya magnesi ndani ya tanki, inayoliwa na kutu badala ya tanki lenyewe.