Shemeji amekataa kulipa deni? Fuata njia hizi kabla ya kuvunja undugu

Shule zinakaribia kufunguliwa na karo haijatimia. Kila ukipiga hesabu unazikumbuka Sh80,000 ulizomkopesha shemeji yako alipokuwa na mgonjwa hospitalini. Aliahidi kurudisha baada ya miezi 3. Sasa ni mwaka wa pili. Ukimpigia simu hashiki, na mkikutana matangani anakwepa macho yako.

Wazazi wengi huona njia mbili pekee: kunyamaza na kumeza uchungu, au kumpeleka kwa polisi. Lakini kushindwa kulipa mkopo wa kawaida si kosa la jinai, na kukusanya madeni si kazi ya polisi. Usiende pia kumchukulia runinga au mbuzi kwa nguvu. Unaweza kujikuta wewe ndiye mshtakiwa.

Hatua ya kwanza ni ushahidi. Pengine hamkuandikiana popote. Usife moyo, kwani makubaliano ya mdomo pia ni mkataba. Ugumu ni kuyathibitisha. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha kwamba pesa zilitoka kwako zikamfikia, lakini hauonyeshi kama zilikuwa mkopo au zawadi. Shemeji akisema ulimsaidia tu, utajibu nini?

Kwa hivyo mwandikie kwa upole: “Shemeji, hamjambo huko? Zile Sh80,000 nilizokukopesha za hospitali, naomba tukubaliane utaanza kurudisha lini.” Akijibu “nivumilie hadi mwisho wa mwezi”, amekiri deni. Usiufute ujumbe huo. Matusi na vitisho havitakusaidia, kwa kuwa navyo vinaweza kusomwa mahakamani.

Hatua ya pili ni kukaa chini na wazee au mtu mnayemheshimu nyote wawili. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 159, inahimiza upatanisho. Mkikubaliana alipe kidogo kidogo, andikeni kiasi na tarehe, mtie sahihi nyote, na shahidi naye atie yake.

Akikaidi, mwandikie barua ya kumdai. Taja kiasi, siku uliyompa pesa na muda wa kulipa, kwa mfano siku 14. Baki na nakala.

Hapo ndipo unapoweza kwenda katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. Mahakama hii husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni. Si lazima uwe na wakili, na unaweza kujieleza kwa Kiswahili. Sheria inataka kesi iamuliwe katika siku 60 tangu kuwasilishwa. Beba kitambulisho, taarifa ya M-Pesa au ya benki, jumbe mlizoandikiana na ile barua. Kama kuna aliyeshuhudia mkikubaliana, mwombe awe shahidi wako.

Ukishinda na bado asilipe, unaweza kuomba amri ya kukamata mali yake kupitia kwa dalali wa mahakama. Mahakama pia inaweza kumruhusu alipe kwa awamu, jambo ambalo mara nyingi huwa nafuu kwa pande zote.

Usikawie mno. Sheria inakupa miaka 6 kudai deni la mkataba, kuanzia siku aliyopaswa kulipa. Akilipa sehemu ya deni kabla ya muda huo kwisha, hesabu ya miaka huanza upya. Hata akituma Sh500, weka rekodi yake.

Kabla ya kuchukua hatua yoyote, jiulize kama shemeji hana au hataki. Asiye na kitu, hata hukumu haitamtoa pesa leo, na mpango wa Sh4,000 kila mwezi unaweza kukufaa zaidi. Aliye nacho na anakukwepa, kumdai kwa njia ya sheria si uadui. Pesa hizo ni karo ya watoto wako.

Na siku nyingine ndugu akija kukopa, mpe unachoweza, lakini muandikiane siku hiyo hiyo, mkiwa bado mnacheka.