Saa ya Angani na Mpaka wa Shamba

Wewe ni mkulima wa Ngara au Biharamulo. Mpima ardhi amekuja kupima shamba lako ili upate hati ya hakimiliki ya kimila. Hana kamba ndefu. Ameshika chombo kidogo. Anasimama kwenye kila pembe ya shamba, na chombo kinaonyesha mahali hapo. Kinajuaje?

Chombo hicho hupokea habari kutoka setilaiti. Hii ni mitambo inayoizunguka dunia, juu kiasi cha kilometa 20,000. Kila setilaiti ina saa, nayo hutangaza wakati kwa redio. Chombo huangalia tangazo limechukua muda gani kufika. Kwa muda huo hujua umbali.

Mwendo na wakati

Setilaiti hizo huenda kilometa 14,000 hivi kwa saa. Mwaka 1905 mtaalamu Albert Einstein alieleza kuwa wakati wa kitu kiendacho mbio hupita polepole kuliko wa kilichobaki mahali pake. Siyo kwamba saa imeharibika. Ni wakati wenyewe.

Mwaka 1971 wataalamu wawili wa Marekani, Hafele na Keating, walizungusha saa sahihi sana duniani kwa ndege za abiria. Waliporudi, saa hizo zilitofautiana kidogo na zilizobaki nyumbani.

Je, dereva wa basi la Biharamulo huzeeka polepole kuliko jirani yake? Ndiyo, lakini kwa kiasi kidogo mno, hawezi kukiona.

Kwa nini tujali?

Kwa siku moja, mwendo huchelewesha saa ya setilaiti kwa sehemu 7 za milioni ya sekunde. Lakini huko juu mvutano wa dunia ni mdogo, na jambo hilo huiharakisha kwa sehemu 45. Hivyo saa hutangulia kwa sehemu 38. Katika sehemu moja tu, redio husafiri mita 300. Basi kosa la umbali lingezidi kilometa 11! Ndiyo maana wataalamu huzirekebisha saa hizo.

Kumbuka: chombo hujua pembe ilipo. Hakijui shamba ni la nani. Siku ya kupima, uwepo wewe na majirani zako, mkubaliane mpaka.

Maswali

1. Chombo hujuaje umbali?
2. Kwa nini saa za setilaiti hurekebishwa?
3. Nani wawepo shamba likipimwa?